Kiini tayari ni kimoja

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, ingeshika soko kama matoleo yake yote yangeunganishwa yawe moja. Na hilo moja angelichagua nani? Mimi natengeneza kompyuta hapa Majengo, Dodoma. Kiini (kernel), yaani sehemu ya Linux inayoendesha vifaa vya kompyuta, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991, ni kilekile kote. Kati ya matoleo hayo, Ubuntu, iliyotoka 2004, imejengwa juu ya Debian, na Mint juu ya Ubuntu. Huo si utengano, ni ukoo. Kompyuta kuukuu yenye RAM ya GB 2 naiwekea Xfce, sura nyepesi ya skrini ya Linux, inapumua tena. Kinachonikera ni vifurushi vya kuwekea programu, vina aina nyingi: deb huku, rpm kule, halafu Snap na Flatpak nazo zinavutana. Hapo ndipo watengenezaji wa matoleo hayo wangekaa kikao. Mteja wangu wa Chamwino anachotaka ni printa ichape tu.