Tatizo la reli ni minara, si wimbi
Ati simu zinakatika ndani ya treni ya SGR kwa sababu OFDM, umbo la wimbi la 4G na 5G, halihimili mwendo, na 6G, mtandao ujao, yenye OTFS, umbo jingine la wimbi lililobuniwa kuhimili mwendo, ndiyo dawa? Hapo sikubali. Treni ikienda kilomita 120 kwa saa, masafa ya wimbi la megahezi 1,800 yanahama kama hezi 200 tu kwa sababu ya mwendo huo, ilhali pengo baina ya njia ndogondogo zinazobeba data ya 4G ni hezi 15,000, kwa hiyo njia hizo haziingiliani kiasi cha kukata simu. Nimefanya kazi ya minara hapa Mombasa miaka mingi. Ukipita Mariakani, tazama simu yako: mistari ya netiweki inashuka mmoja mmoja, halafu ndipo sauti inapotea. Mnara umebaki nyuma! OTFS huenda ikafaa kwenye setilaiti zinazozunguka karibu na dunia, huko mwendo ni wa kutisha. Wasafiri wenzangu, simu zenu hukatikia wapi?