Nilipokea Upatu, Nikanunua Upatu

Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilipofika, kijumbe wetu wa mtaani hapa Chang'ombe aliniletea laki tatu. Mke wangu alitoa za ada, akatoa za kodi, akanisukumia sabini elfu. "Kanunue hilo toazi lako, uache kununa."

Napiga drams kwenye bendi ya sherehe. Krashi langu la inchi 16, lile toazi la kuchapa kwa kishindo, lilikuwa na ufa, na kosa ni langu: vile vitambaa vizito vya kukaa chini ya nati vilipopotea, niliikaza nati mpaka toazi likashindwa kuyumba. Likipigwa limebanwa hivyo, hupasuka. Siku hizi nakata vipande vya kandambili naweka pale. Za bluu ndizo bora, usiniulize kwa nini.

Matoazi ya maana ni shaba na bati, asilimia 80 kwa 20. Bei zake ukitajiwa unaomba kiti. Hata yale ya bati asilimia 8 yaliizidi sabini yangu. Yakabaki ya shaba na zinki, ya mtumba, kwa jamaa mmoja maeneo ya Majengo.

Nikaliinua moja. Zito! Nikaligonga kwa kidole kama tikiti. Likaitika. Moyoni nikasema uzito ndio uimara. Lilikuwa na kamba ya ngozi kwenye tundu la katikati.

"Na hii kamba?"

"Ya kutundikia dukani tu, bosi."

Jumamosi tukawa na send-off Ipagala. Mshereheshaji alikuwa ameshatangaza: chakula kipo tele, ila mtu asinyanyuke mpaka asikie kengele.

Bi harusi akaingia na mpambe wake, taratibu, kinanda kinapanda. Alipofika katikati ya ukumbi nikalichapa krashi.

Krashi linatakiwa kuwa jembamba, lifunguke mara moja, pshaa, kisha lififie. Langu lilisema ng'ooooo, kama upatu ule mwingine, sahani ya shaba ya kugonga. Likaendelea kusema.

Meza ya wajomba ikasimama yote. Watu wanaojua foleni za send-off hawasubiri kengele ya pili. Mimi kwa kuchanganyikiwa nikaipiga hiyo ya pili, maana mkono ulishazoea wimbo, na upande wa bwana harusi nao ukanyanyuka. Bi harusi akabaki amesimama, wapiga picha wakipisha watu wenye sahani.

"Lishike!" kiongozi wa bendi akanipigia kelele. Nikalikumbatia kwa mikono miwili. Likanitetemekea kifuani mpaka likatulia.

Baadaye mzee mmoja aliyewahi kupiga tarumbeta kwenye bendi ya gwaride aliishika ile kamba, akauliza kwa upole, "Na mwenzake yuko wapi?" Kumbe ni yale yanayopigwa mawili mawili, moja kila mkono. Nilikuwa nimenunua nusu ya jozi.

Kamati ilikata elfu ishirini kwenye malipo yetu. Nyumbani mke wangu alilitazama, akacheka mpaka akakaa chini. "Umepokea upatu, ukanunua upatu!"

Kijumbe alilichukua badala ya mchango wangu wa mwezi mmoja. Amelining'iniza kwa kamba ileile kwenye mwarobaini wake, anagonga kuwaita wanachama. Kwa kazi hiyo halina mpinzani. Mimi nimerudi kwenye lile lenye ufa, na Jumapili jioni nikisikia ng'ooooo nazima taa, maana mchango wa mwezi huu sijatoa.