Nani Atalipia Shokapu Yangu?

Mimi ni dereva wa bajaji hapa Mtwara mjini, na kila siku ya shule, kabla jua halijatoka vizuri baharini, huwa nimekwisha kuzipitia nyumba za Shangani kuwachukua watoto na kuwapeleka shule isiyofika hata kilomita mbili kutoka vitandani mwao. Nilipoianza kazi hii niliwapanga wanne kiti cha nyuma kama dagaa (askari wa usalama barabarani asisome hapa), na mabegi yao yakapata nafasi. Siku hizi nawapakia watatu, na huyo wa tatu huingia baada ya majadiliano.

Mwezi uliopita shokapu ya kushoto, upande anaopenda kukaa kijana mmoja wa darasa la nne, ilikufa juu ya tuta. Fundi aliitazama, akamtazama na kijana, akatikisa kichwa bila kusema neno. Basi nikaona ni haki yangu kumtafuta mwenye kosa ili alipe.

Nilianza kwa mama yake, aliyenipokea kwa heshima zote na kunieleza kwamba yeye hana hatia, kwa kuwa shule imejenga madarasa pale palipokuwa na uwanja wa mpira. Mwalimu naye akasema shule hukaa na mtoto mchana tu, ilhali simu hukaa naye mpaka usiku wa manane. Bibi yake, ambaye kwa sababu ya kisukari chake hunywa chai isiyo na sukari, alikiri kwamba humpa mjukuu soda kila anapolia, lakini akaniuliza kama ningependa mtoto alie.

Nikamwendea jirani yangu muuguzi, nikidhani nitapata jina moja la mshtakiwa, naye akanifungulia dunia nzima. Alisema soda moja ya mililita 350 inaweza kuwa na sukari ya vijiko tisa vya chai, kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na kwamba mwaka 2022 watoto na vijana zaidi ya milioni 390 duniani walikuwa na uzito uliozidi. Nilimshukuru, nikamwambia kwamba mimi nawabeba watatu tu na shokapu imekwisha kufa.

Hizo dakika 60 zilinikera usiku kucha, kwa sababu nilimhesabia kijana wangu: hatua saba kutoka mlangoni hadi kwenye bajaji, hatua thelathini kutoka getini hadi darasani, basi. Sisi tulikwenda Mikindani kwa miguu, yapata kilomita 10, kutazama ngoma tu, tukiangua mabibo njiani, na tuliporudi hakuna aliyetuambia kwamba tumefanya mazoezi. Tuliambiwa ni uzururaji, tukachapwa.

Mke wangu alinisikiliza kwa utulivu huku akimenya viazi. Zamani aliuza mihogo ya kuchemsha kwenye geti la shule hiyohiyo, watoto wakaikataa, akahamia kwenye chipsi, na sasa ndoo ya viazi huisha kabla ya saa sita. Niliamua kutomhoji.

Hatimaye nilipata suluhisho lisilomgusa mtu. Niliwaita wazazi nikawaambia kwamba kuanzia Jumatatu nitawashusha watoto penye mkorosho mkubwa, katikati ya safari, ili nusu iliyobaki waitembee wenyewe. Walifurahi mno, wengine wakaniombea dua, mpaka baba mmoja aliponyoosha mkono na kuuliza kwa upole, "Kwa hiyo, kaka, na nauli itakuwa nusu?"

Niliwakumbusha kwamba jua la Mtwara ni kali sana kwa mtoto mdogo, nikaenda kumlipa fundi.