Majoho Yalivyoingia Tanuruni

Mawese ya Kyela yakishapata upenyo hayarudi tena kwenye dumu. Sisi vijana wa kanisa kutoka Mbeya tulikodi basi dogo, tukavuka mpaka pale Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, kushirikiana na wanakijiji kujenga nyumba ya mganga wa zahanati yao. Tulibeba zawadi: mchele wa Kyela na dumu la mawese. Dumu likawekwa juu ya begi la majoho ya kwaya, tena kwa amri ya mama mhazini, eti pale halitatikisika. Tunashuka kijijini, majoho meupe yameshakuwa ya rangi ya chungwa.

"Hii ni ishara," mwinjilisti akasema. Ishara ya nini, hakufafanua.

Jumamosi akina mama wa pale wakatuonea huruma, wakayafua ziwani. (Ziwa lenyewe sisi twaliita Nyasa, wao Malawi, na mchungaji alishatupiga marufuku kuligusia jambo hilo tangu tunapita Uyole.) Yakatakata kweli, ila jua lilizama bado yanachuruzika, na ibada ni kesho yake saa tatu.

Sasa, kazi yetu pale ilikuwa matofali ya kuchoma. Wenyeji walishafyatua na kupanga tanuru kabla hatujafika. Sisi tulibeba magogo ya mwembe na kupiga picha tukiwa tumeyabeba. Tanuru likishapangwa hukandikwa udongo nje ili joto lisitoroke, halafu magogo husukumwa kwenye midomo ya chini usiku na mchana. Jioni ile ndiyo kwanza limewashwa. Mwalimu wa kwaya akapanda ngazi, akaweka kiganja juu ya udongo kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Vuguvugu," akatangaza. "Leteni majoho."

Mzee fundi akaja mbio na maneno mengi. Kinkhonde cha wenyeji na Kinyakyusa ni ndugu wa damu, na wenzetu wa Tukuyu wangetutafsiria bila shida, lakini saa hiyo wote walikuwa kwenye nsima na usipa, yaani ugali na dagaa wa pale. Mwalimu, mtu wa Iringa, alimsikiliza mzee kwa heshima zote, akaitikia, "Ameni." Mzee akanyoosha kidole kuelekea juu ya tanuru. Mwalimu akatazama mbinguni. "Ameni!"

Tulikuja kutafsiriwa asubuhi: moto wa tanuru hupanda. Jioni uko chini, huko juu unaona vuguvugu. Alfajiri umeshafika kileleni, na hapo hata mjusi hakatizi.

Niliamshwa na harufu, na haikuwa ya mwembe. Ilikuwa ya ndoo ya plastiki inayoungua. Majoho yale, ambayo mwenye duka alituapia kuwa ni pamba tupu, yalikuwa yameyeyuka na kugandana na udongo. Vilivyosalimika ni vifungo na kola moja ya sauti ya kwanza. Mwalimu alijaribu kuliokoa la kwake kwa kijiti. Likavutika uzi mrefu mpaka kwenye viatu vyake. Vijana waliokuwa wakichochea moto walishagaragara chini kwa kicheko.

Saa tatu tukaingia ibadani na vitenge vya kuazima, wanaume kwa wanawake, tumevifunga kifuani. Mimi mwimba besi nilipewa cha kuku na vifaranga. Kwenye kiitikio fundo la jirani yangu likaachia; akaendelea kuimba mkono mmoja juu, mwingine umeng'ang'ania kiuno. Waumini wakadhani ndivyo wimbo unavyochezwa. Benchi la mbele likashika kiuno, likafuata la pili, na mchungaji mwenyeji naye hakubaki nyuma.

Tuliporudi Mbeya, baraza la wazee likataka kujua majoho 14 yameishia wapi. Mama mhazini akaandika mstari mmoja kwenye ripoti: "Majoho: yametumika katika ujenzi." Ikapitishwa bila swali.