Supu ya Dakika Kumi

Juzi kwenye treni nina kikombe changu cha chai, cha karatasi, kifuniko hakikai. Jirani yangu ananisogezea simu: picha ya behewa la chakula la zamani. Kitambaa cheupe pee, taa za shaba, mhudumu kainama utadhani analeta posa. "Enzi hizo, bwana!" anasema, machozi yanamlengalenga.

Enzi zipi? Bahati yangu naijua. Mimi ningezaliwa kabla ya 1868, George Pullman wa Marekani hajaleta behewa lake la chakula, lile lililoitwa Delmonico. Uingereza ndiyo kabisa, walingoja mpaka 1879, treni ya London kwenda Leeds. Kabla ya hapo ukila, unakula stesheni, mbiombio.

Pale Swindon, stesheni ya njiani huko Uingereza, mlipewa dakika 10. Kumi! Haya, nipigieni hesabu. Mbili za kushuka, maana mbele yangu lazima awepo mwenye masanduku manne. Nne za foleni. Supu inakuja inatokota. Napuliza. Napuliza tena. Naonja, ulimi huo umebabuka, na filimbi hiyooo! Supu nimeshailipia, inabaki pale inafuka moshi, mimi nakimbilia behewa na kijiko mkononi kama mwizi.

Na kahawa yao sasa! Brunel, injinia wa reli yenyewe, alimwandikia mwenye mgahawa kwamba haamini kama pale wana kahawa. Alichokunywa yeye alidhani ni nafaka mbovu iliyokaangwa. Huyo ni aliyejenga njia. Mimi wa daraja la tatu ningepewa nini, maji yaliyooshea vikombe?

Kusimama kwenyewe kulikuwa kwa mkataba na wenye mgahawa. Kampuni ya reli ilikuja kujinasua mwaka 1895, kwa pauni 100,000. Laki nzima, treni ipite tu bila kunywa supu ya mtu! Na hilo behewa la picha, mwanzoni huko Uingereza lilikuwa la wenye tiketi ya daraja la kwanza. Sisi wengine tulikuwa nyuma, na kimfuko cha mkate, tunasikilizia harufu.

Nilikuwa bado namweleza haya jirani, kwa mikono yote miwili, treni ikakata kona. Chai ikatua kwenye simu yake. Kile kitambaa cheupe kikapata doa.