Ukitaka kuivunja kampuni ya simu, anzia kwa wakala

Kila zikija habari kutoka Nairobi kwamba Safaricom ikatwe vipande viwili, M-Pesa iwe kampuni yake na simu iwe kampuni yake, baraza letu hapa Ngamiani, Tanga, hugawanyika. Wapo wanaosema ikatwe tu, imezidi. Wapo wanaosema kampuni haiadhibiwi kwa kosa la kupendwa na wateja. Mimi nakubali kwamba serikali ina haki ya kuingilia, na naona mara nyingi huchelewa. Ugomvi wangu ni mahali pa kukatia.

Msiseme hayo ni ya Kenya. Wanunuzi wa machungwa wa Muheza wengi hutoka upande wa pili wa mpaka wa Horohoro, na tangu 2015 mteja wa M-Pesa wa Kenya anaweza kumtumia pesa mteja wa M-Pesa wa huku moja kwa moja. Isitoshe, Vodacom ya Afrika Kusini ina hisa nyingi ndani ya Safaricom, na tangu 2020 kampuni hizo mbili zinaimiliki kwa pamoja M-Pesa yenyewe, jina na mitambo ya kuiendeleza. Kitakachoamuliwa Nairobi kitafika hapa kabla ya msimu wa machungwa unaofuata.

Sasa tuangalie hesabu. Safaricom ina zaidi ya asilimia 60 ya laini za simu nchini Kenya, na M-Pesa inashika karibu asilimia 90 ya huduma za pesa za simu. Itenganishe leo na mtandao, ipe ofisi yake na bango lake. Kesho asubuhi M-Pesa itaamka ikiwa na asilimia zile zile 90. Ulikuwa na mkubwa mmoja, sasa unao wawili, na mama muuza samaki pale Lungalunga, upande wa Kenya, analipa ada ile ile ya kutoa.

Marekani walishapita njia hiyo. Serikali yao iliishtaki AT&T mwaka 1974, wakati kampuni hiyo ilikuwa na waya unaoingia nyumbani, simu za masafa marefu, kiwanda cha kutengeneza simu zenyewe na maabara. Tarehe 8 Januari 1982 pande mbili zilikubaliana, na Januari 1, 1984 kampuni ikavunjwa. AT&T ilibaki na masafa marefu, na simu za mitaani zikagawiwa kampuni saba za kikanda. (Siku hiyo hiyo ya makubaliano, serikali hiyo hiyo iliifuta kesi yake dhidi ya IBM, iliyokuwa imeendeshwa tangu 1969. Nimewahi kujiuliza mawakili walikula nini asubuhi ile.)

Kampuni zile saba hazikuwa na mshindani katika maeneo yao. Mtu aliyezoea kupokea bili ya AT&T alianza kupokea ya Ameritech au ya BellSouth, na bado hakuwa na pa kukimbilia. Kisha zikaanza kununuana. Southwestern Bell, iliyojiita SBC, ilimeza Pacific Telesis mwaka 1997, Ameritech mwaka 1999, na mwaka 2005 ikamnunua mama yao AT&T mwenyewe na kuvaa jina lake. Mwaka uliofuata ikachukua BellSouth. Bell Atlantic nayo ilikuwa imeshaungana na NYNEX na baadaye GTE, ikawa Verizon. Jaji Harold Greene wa huko alikuwa ameyasimamia makubaliano yale kwa zaidi ya miaka kumi, na hatimaye wengi wa watoto wakarudi kwenye nyumba mbili tu.

Je, basi ilikuwa kazi bure? Hapana. Ndani ya makubaliano yale kulikuwa na sharti ambalo wasimuliaji hulipita haraka: kampuni za mitaani zililazimishwa kumuunganisha kila mwenye biashara ya masafa marefu kwa usawa, mshindani kama MCI sawa na AT&T, bila mteja kubofya msururu wa namba za ziada. Hapo ndipo bei ya masafa marefu iliposhuka. Hata kabla ya hapo, mwaka 1956, AT&T ilitakiwa kutoa hataza zake (haki za uvumbuzi) zilizokuwepo bila malipo kwa yeyote aliyezihitaji, na transista, iliyobuniwa katika maabara yake mwaka 1947, ikawa mikononi mwa viwanda vingine. Mwaka 1968 mamlaka yao ya mawasiliano iliamua, katika shauri la Carterfone, kwamba mteja anaweza kuunganisha kifaa chake mwenyewe kwenye laini. Bila uamuzi huo sijui modemu, vile vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu, zingepita wapi. Katika yote mawili hakuna kampuni iliyokatwa. Mlango ndio uliofunguliwa.

Rudi sasa nyumbani. Ukitembea kutoka Soko la Mgandini, kila kibanda cha wakala kina rangi za mitandao yote, na wakala mmoja ana simu nne au tano mezani, kila moja na floti yake. Sisi tumelizoea jambo hilo hata halituvutii macho. Kenya, hadi 2014, wakala wa M-Pesa alifungwa na mkataba asiuze huduma ya mshindani. Mamlaka ya ushindani ya huko ilipoingilia ndipo mawakala wakafunguliwa. Mtu anaweza kujenga mtandao mpya kwa mabilioni, lakini kama mawakala wa Kombani na Msambweni wote wamefungwa kwa mwenzake, pesa za mteja wake zitatolewa wapi? Kwangu mimi utawala wa Safaricom ulijengwa pale kibandani kuliko mnarani.

Mwaka ule ule wa 2014, Tigo, Airtel na Zantel za Tanzania zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Kabla ya hapo, ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipokea ujumbe wenye namba ya siri akahangaike kutafuta wakala wa mtandao wako. Kenya walifika hapo 2018. Hatukumshtaki mtu wala hatukukata chochote, na nina hakika makubaliano yale yalimpunguzia mkubwa nguvu kuliko ambavyo kesi ya miaka minane ingefanya.

Jingine ni ile ada ambayo mtandao hulipa mwenzake kila unapompigia mteja wa mtandao huo. Wenye umri wangu mnakumbuka kubeba laini tatu, moja ya kumpigia kaka aliye Korogwe, moja ya ofisini, moja ya shemeji wa Pangani, kwa sababu kuvuka mtandao kulikuwa ghali. Ghali ile ndiyo iliyomlinda mkubwa: ndugu zako wote wako kwake, nawe utamfuata. TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, iliishusha ada hiyo hatua kwa hatua, kutoka shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018 hadi shilingi 2 mwaka 2022. Leo bando la dakika za mitandao yote halimshangazi mtu. Mexico walikwenda mbali zaidi. Walipomkabili Carlos Slim, tajiri mwenye kampuni ya simu ya Telmex, mwaka 2014, sheria ilimkataza kabisa kuwatoza washindani ada hiyo, mpaka Mahakama yao ya Juu ilipoliondoa katazo hilo mwaka 2017. Na Mexico, kumbuka, serikali yenyewe ndiyo iliyouza Telmex mwaka 1990 ikiwa nzima, kisha ikatumia robo karne kujaribu kuipunguza.

Kukata nako kuna mahali pake. Mwenye stendi ya Kange akiwa na mabasi yake humo humo, mabasi ya wengine yatapangiwa kona gani? Ndiyo maana naunga mkono kutenganisha miundombinu na biashara ya rejareja. Kampuni zetu zilifanya hivyo zenyewe zilipoona faida: Tigo iliuza minara yake kwa kampuni ya minara ya Helios Towers mwaka 2010, Vodacom mwaka 2013, na mnara mmoja sasa unaweza kubeba antena za washindani wawili au watatu. Tena sisi tuna historia ya kukata. Januari 1, 1994 Shirika la Posta na Simu lilivunjwa, barua zikaenda Shirika la Posta, simu zikaenda TTCL, na usimamizi ukapewa tume mpya ambayo nafasi yake leo imeshikwa na TCRA. Kukata huko kulitusaidia kwa sababu mwamuzi alitolewa uwanjani. Kabla ya hapo aliyekunyima laini na aliyesikiliza malalamiko yako ya kunyimwa laini walikuwa shirika moja.

Hapa ndipo wenzangu wa barazani huwa wananikatiza, kwa sababu nasema jambo lisilopendwa. TTCL ilirudi mikononi mwa serikali kwa asilimia mia mwaka 2016. Inauendesha Mkongo wa Taifa, njia kuu ya nyaya za mawasiliano nchini, ambao kampuni nyingine hununua humo nafasi, na wakati huo huo inauza bando na ina T-Pesa, huduma yake ya pesa. Sisemi inawaonea wenzake. Nasema hatungemruhusu mfanyabiashara binafsi kukaa hivyo. Serikali ya Kenya nayo kwa miaka mingi ilishika asilimia 35 ya Safaricom, ikipokea gawio kila mwaka. Ukiona mjadala wa kuikata hauishi wala hauanzi, angalia nani anakula gawio.

Kwetu hakuna mtandao mmoja unaotuburuta wote, kwa hiyo tunadhani tuko salama. Mlango unaofungwa sasa ni mwingine. Tangu Machi 2017 naweza kuhama mtandao na namba yangu. Sawa. Lakini mama anayeuza maandazi Makorora amekopa na kurudisha mikopo midogo ya simu kwa miaka, kiwango chake kimepanda taratibu, na kumbukumbu hiyo iko kwa kampuni moja. Akihama, namba inakwenda naye, sifa yake ya kulipa inabaki. Anaanza na kiwango cha mgeni. Kwa hiyo hahami, hata bando la pengine likiwa nusu ya bei, na hakuna takwimu ya laini itakayoonyesha kwamba amefungwa.

Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni za huduma za pesa za simu, chini ya sheria ya mifumo ya malipo ya 2015. Iseme kwamba kumbukumbu ya mkopaji ni ya mkopaji, na akitaka ihamishwe, ihamishwe kama namba inavyohamishwa. Kampuni zitalia kwamba ni siri ya biashara. Zililia hivyo hivyo kuhusu namba.