Nilivyoikalia Ngoma ya Bibi

Anayedhani Dodoma ni jua na vumbi tu, aje mwezi wa Julai, avae fulana moja, asimame uwanjani saa mbili usiku. Upepo utampitia mbavuni kama hakuvaa kitu. Mimi nilivaa fulana moja. Tena nyeusi, yenye ngumi kifuani, maana mwanaharakati gani anapanda jukwaani na sweta alilofumiwa na mama yake?

Ulikuwa usiku wa jukwaa huria wa wanafunzi: mashairi, ngoma na vichekesho, vyote kuhusu haki za wanawake. Nami nilikuwa na shairi langu, tarbia ya beti sita, mizani nane kwa nane, nimezihesabu kwa vidole mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nadaiwa. Tegemeo langu lilikuwa kibwagizo: "Ngoma ya mama ipigwe, sauti isinyamazwe." Nilijiona nimemaliza kazi.

Nyuma ya jukwaa kulikuwa giza. Akina mama wa muheme kutoka upande wa Chamwino walikuwa wamewasha moto, wameziweka ngoma zao karibu ili ngozi zikaze. Muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo; mpigaji huibana katikati ya mapaja, na ngozi ikilegea hata ufanyeje hutoa mlio wa mto wa kulalia. Haya nilielezwa baadaye, kwa ukali. Wakati ule nilichoona ni kitu kifupi cha mti, kiuno chembamba, juu bapa, kimekaa pembeni ya moto kama kinanisubiri. Kigoda. Nikakaa.

Jamani, kilikuwa na joto! Likanipanda kutoka makalioni hadi masikioni, nikafumba macho.

Kule jukwaani dada mmoja akaomba tukae kimya dakika moja kwa ajili ya wanawake walionyamazishwa. Uwanja mzima ukatulia. Hata upepo ulitulia.

PAA!

Kuna simulizi kuhusu jina la mji huu. Tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope, Wagogo wakasema "idodomya", amedidimia. Nimezaliwa hapa, nimeisikia tangu chekechea, ila usiku ule ndipo nilipoielewa kwa upande wa tembo. Magoti yalikuwa yamefika kidevuni. Mama mmoja akanivuta mikono, mwingine akaishikilia ngoma, wakaning'oa kama muhogo.

Kiongozi wao, bibi mwenye shanga shingoni, akaingiza mkono kwenye tundu nililolitoboa, ukatokea upande wa pili. Akautazama.

"Mjukuu wangu," akasema, "ngoma ikilia sana hupasuka. Hii haijalia hata kidogo."

Kabla sijapata la kujibu, mshereheshaji akasalimia, "Mbukwenyi!" akaita jina langu. Nikapanda. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, nikafika kwenye kibwagizo, nikanyoosha ngumi.

"Ngoma ya mama ipigwe..."

"Ipi?" Bibi, kutoka nyuma ya pazia.

Ubeti wa pili wakawa wanauliza akina mama wote. Ule wa tatu, habari zilikuwa zimeshafika hadi viti vya nyuma, uwanja mzima ukaitikia "Ipi?" tena kwa mizani kuliko mimi. Beti tatu zilizobaki sikuzisoma. Walipopanda akina mama, mmoja wao alicheza akipiga makofi, na kila alipogeuka alinitafuta kwa macho.

Nilimfuata Bibi na elfu ishirini, akiba yangu yote mpaka bumu, pesa yetu ya mkopo wa chuo, litoke. Hakuipokea. Aliniambia nifike kwake Jumamosi, asubuhi, ngozi ya kuwambia itakuwa imeshalowekwa.

Nilifika. Alikuwa uani, ngozi kwenye beseni, ngoma yangu miguuni pake mdomo wazi. Akanisogezea kitu.

"Kaa, mjukuu wangu. Hiki ni kigoda."

Nikasema nitasimama tu.